Utando wa Kumi na Saba

Machi 2

Daftari la maabara lina safu saba: tarehe, namba ya utando, kidonge, kibao, joto, muda, na jina la mhusika. Nimelijaza kwa miaka ishirini na sita na sijaona safu ya kuandika kwamba nimechoka, au kwamba mtu kanijibu vibaya. Kwa hiyo nimenunua hili. Halina safu. Nitaliandika msimu huu wa mvua tu, kisha nione kama lina faida.

Mimi ni fundi wa maabara, kazi yangu kutengeneza tando. Tunachukua kidonge kilichoshindiliwa cha chuma, seleni na teluri, tunakitia ndani ya chemba isiyo na hewa, tunakipiga kwa leza. Mvuke wake unaruka na kutua, tabaka juu ya tabaka, kwenye kibao cha fuwele kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Utando huo ukipozwa sana, kwa baridi isiyojulikana na friji yoyote ya nyumbani, ghafla unaacha kuukinza umeme. Ukinzani unakuwa sifuri. Sisemi karibu na sifuri.

Mwanafunzi wetu wa uzamivu ana swali moja kwa mwaka wa nne sasa: ukiondoa seleni kidogo na kuweka teluri mahali pake, kunatokea nini? Teluri ni kubwa kuliko seleni. Ni kumkalisha mtu mnene kwenye kiti cha mwembamba. Walio jirani lazima wasogee. Tabaka zinaachana, na lile joto ambalo ukinzani unapotea nalo linahama. Yeye anachora kuhama huko, nukta kwa nukta, na mchoro huo ndio tasnifu yake.

Humu namwita Mtarajiwa, maana udaktari wake umetarajiwa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Usoni namwita binti. Yeye ananiita mzee. Wengine wote, kuanzia Profesa hadi mfagizi, wananiita Mizani, maana vipimo vyangu havikosei.

Machi 3

Mvua ya kwanza. Unyevu maabara asilimia sabini na nane. Hatukutengeneza kitu.

Machi 6

Hita ya chemba inasoma ovyo. Ili niijaribu nimetoa kibao cha zamani chenye utando wa seleni tupu, kilichokataliwa miaka mitatu iliyopita, nikaanza kukisugua kwa kitambaa na unga laini. Kibao cha kujaribia hita hakihitaji unadhifu. Profesa ana sheria moja tu isiyojadiliwa humu ndani: kibao kilichokwisha kutumika hakibebi utando wa utafiti.

Nikiwa nasugua, mke wangu akapiga simu. Mama katoka nje kwenye mvua, anamtafuta kaka yake. Nikakiacha kibao kwenye trei, kando ya kisanduku cha kibao kipya cha kesho, nikaenda. Tulimpata kituo cha basi, ameloa chapachapa, anamuuliza kila mtu. Kaka yake huyo tulimzika nikiwa darasa la tano.

Machi 7

Hita imepona yenyewe, kama mtoto aliyeona sindano. Mtarajiwa alikuwa mlangoni saa mbili kasoro robo, vifungo vya koti kombo.

"Mzee, leo teluri tatu kwa kumi. Kidonge kiko tayari."

Sikuwa nimekunywa hata chai. Nikachukua kibao kwenye trei, nikakibandika kwa gundi ya fedha, tukafunga chemba. Utando wa kumi na saba. Kwenye safu ya kibao nimeandika: kipya. Huyu binti siku akijifunza kusema "habari za asubuhi" kabla ya kusema "kidonge", nitaamini sayansi inaendelea.

Machi 11

Leo niandike kwa kirefu.

Kupoza utando huchukua saa nne. Mtu unakaa mbele ya skrini ukitazama mstari ukitembea kuelekea kwenye baridi. Tando jirani za huu wa kumi na saba zilipoteza ukinzani kwenye kelvini kumi na tatu, kumi na nne hivi, kelvini ikihesabiwa kuanzia baridi ya mwisho kabisa, kwa hiyo mpaka ishirini na tano hakuna aliyekuwa na haraka. Nilikuwa nafuta meza. Mtarajiwa alikuwa anamenya chungwa.

Penye ishirini na mbili nukta nne mstari ukadondoka.

"Waya umekatika," akasema.

Tukatazama waya. Mzima. Tukaupasha moto utando, ukinzani ukarudi. Tukaupoza tena, ukadondoka palepale. Mara ya tatu, palepale. Hiyo ni nyuzi mia mbili hamsini na moja chini ya kuganda kwa maji, na ukisikia hivyo utadhani ni baridi tu kama baridi nyingine, lakini kwa tando zetu ni joto la juu ajabu, ni kama mtoto wa darasa la kwanza kufaulu mtihani wa darasa la nane. Mtarajiwa akaketi sakafuni na chungwa lake. Hakucheka wala hakulia. Akala chungwa lote, kipande baada ya kipande, akitazama ukuta.

Profesa akaja na miwani kichwani, akaitafuta hiyo miwani, akaipata, akasoma.

"Mizani, umefanya nini safari hii?"

"Nimefanya kama siku zote."

Machi 13

Eksirei imeongeza utata. Kwa teluri tatu kwa kumi tunajua tabaka zitaachana kiasi gani. Hizi zimeachana zaidi. "Utando huu unajidai una teluri tano," Profesa akasema. Tukaupima viambato: tatu, si zaidi. Kwa hiyo kuna kitu kingine kinachozisukuma tabaka, na hakuna anayekijua. Mtarajiwa ameandika kwenye ubao: NANI ANASUKUMA? Mfagizi ameogopa kuufuta.

Machi 16

Mtahini wa nje amesoma rasimu. Kauli yake ni fupi. Bila utando wa kumi na saba, tasnifu inarudia mambo yaliyokwisha chapishwa na wengine. Ukiwemo, lazima upatikane wa pili kama huo, ama nukta iondolewe. Mtarajiwa ana mpaka tarehe 29 Mei. Hapo usajili wake unakwisha na hauongezwi. Ulishaongezwa mara mbili.

Ameibandika barua ukutani juu ya kompresa ya mtambo wa kupoza. Nilidhani angelalamika. Alipanga ratiba.

Machi 18

Utando wa 18. Kumi na nne nukta moja. Mvua.

Machi 21

Wa 19. Kumi na tatu nukta nane. Mvua.

Machi 25

Wa 20. Kumi na nne. Kifaa cha kukausha hewa kimeharibika, nikakitengeneza, kikaharibika tena kwa ukaidi.

Machi 28

Wa 21. Tumeulaumu unyevu. Tumefunga madirisha kwa plastiki.

Aprili 1

Mama leo kaniita kaka mezani. Nikamwambia, "Mama, mimi mwanao." Akanitazama kama mtu aliyeuziwa ndizi mbichi. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Sikuelewa kwa nini nikanyagwe kwa kusema ukweli. Nilimweleza mama tena, taratibu, mwaka kwa mwaka, mpaka akaacha kula.

Aprili 4

Wa 23. Kumi na tatu nukta tisa. Naanza kumwona Mtarajiwa kwa jicho jingine. Anabadilisha kitu kimoja tu kila mara: joto, kisha nguvu ya leza, kisha umbali wa kidonge. Habahatishi. Kila matokeo mabaya anayaandika kwa mwandiko uleule mzuri. Wanafunzi wengi niliowahi kuwaona, matokeo yakiharibika mwandiko nao unaharibika.

Aprili 8

Mtaro wa nyuma umeziba, maji yakaingia stoo. Nimehamisha makasha. Kuna boksi ninaloweka visanduku vitupu vya vibao, kwa sababu siwezi kutupa kitu chenye kifuniko. Nilipoliinua, kisanduku kimoja kikalia.

Kisanduku kitupu hakilii. Nikakifungua. Ndani mna kibao kipya, bado na karatasi yake nyembamba. Juu ya kifuniko mwandiko wangu: Machi 6.

Nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Siku ile kwenye trei palikuwa na vibao viwili, kipya ndani ya kisanduku na cha zamani nilichokisugua nusu. Kama kipya kiko hapa mkononi, basi nilichokibandika asubuhi ya saba ni kile kingine, na kisanduku nikakitia humu nikidhani ni kitupu.

Nikasema nisiape kabla ya kuona. Nikaenda kwenye kabati la Mtarajiwa. Utando wa kumi na saba anauhifadhi peke yake, kwenye pamba, kama jino la mtoto. Nikaugeuza, nikafuta gundi ya fedha kwa asetoni kwenye pembe moja. Chini yake ikatokea namba iliyokwaruzwa kwa kalamu ya almasi, namba ya miaka mitatu iliyopita. Nne yangu huwa naifunga kwa juu. Hii imefungwa.

Kwa hiyo kumi na saba umekaa juu ya mabaki ya utando wa zamani niliyoyaacha kwa kuacha kusugua. Hayo mabaki ndiyo yanayosukuma. Mtarajiwa ametengeneza tando sita juu ya vibao safi kabisa, akitafuta ndani ya teluri kitu kilichokuwa chini yake.

Nikapaka gundi mpya ya fedha juu ya namba, nikaikausha, nikaurudisha kwenye pamba. Sikuambiwa na mtu nifanye hivyo.

Aprili 9

Sijasema. Nitasema Profesa akiwepo.

Aprili 10

Profesa alikuwepo. Wa 24. Kumi na nne.

Aprili 12

Wa 25. Kumi na tatu nukta saba.

Aprili 13

Nijiulize kwa haki kwa nini mdomo umekuwa mzito. Onyo siliogopi sana. Nimebakiza miaka michache. Ni lile jina. Nimelivaa Mizani miaka ishirini na sita, na sasa kila akinipita mtu na kuniita hivyo nageuka polepole. Mficha maradhi kifo humuumbua, tumeambiwa. Methali haisemi mgonjwa anajisikiaje hapo katikati.

Aprili 15

Wa 26. Mtarajiwa alisinzia mchana kweupe, shavu juu ya kibodi, skrini imejaa herufi moja tu. Alipoamka akaniuliza, "Mzee, niambie ukweli. Mimi ndiye ninayekosea?"

Nikamjibu, "Endelea tu, binti."

Nimeyasema mengi ya kipumbavu maishani. Hili naona aibu hata kuliandika.

Aprili 17

Wa 27. Kumi na nne nukta mbili. Mvua haikatiki.

Aprili 19

Ameacha. Amenionyesha aya aliyoandika kwa ajili ya mtahini: "Nukta ya utando wa kumi na saba imeondolewa. Imetokana na kosa la mpimaji." Mpimaji ni yeye.

"Ukosee wapi?" nikamuuliza.

"Sijui. Lakini mashine hazina kosa, kidonge hakina kosa, wewe hukosei. Nimebaki mimi. Ni hesabu ya kutoa tu, mzee."

Alisema bila kinyongo. Bila nukta hiyo tasnifu yake haipiti, na anajua.

Aprili 20

Nimesema.

Nilimkuta peke yake saa tatu asubuhi. Nikaweka kisanduku mbele yake, nikakitikisa kikalia, nikaeleza kuanzia hita mpaka ndoo. Nikaeleza na gundi niliyopaka upya. Akasikiliza akiwa amesimama.

"Umejua lini?"

"Tarehe nane."

"Leo ishirini."

"Ndiyo."

"Tando nne, mzee. Nne nimetengeneza wewe ukiwa umekaa hapo." Akaonyesha kiti changu kwa kidole. "Nilikuuliza. Nilikuuliza kwa mdomo wangu."

Nikasema, "Kuteleza si kuanguka."

"Kuteleza ilikuwa tarehe saba Machi. Tangu tarehe nane umelala chini makusudi."

Hapo nikaona kwamba miaka minne nilikuwa nimemdharau mtu huyu kwa sababu hasalimii.

Akataka ushahidi. Daftari la maabara linasema "kipya", kwa hiyo ni neno langu dhidi ya mwandiko wangu. Nikamwambia ninalo daftari jingine. Nikampa hili, kurasa za Machi 6 na 7. Akasoma, akarudia, akafungua na za mbele na nyuma bila ruhusa, na sikuwa na uso wa kumkataza.

"Mtarajiwa ndiyo mimi?"

"Ndiyo."

"Haya." Akaendelea kusoma.

Profesa aliambiwa saa tano. Amenipa barua ya onyo na kuninyang'anya ufunguo wa chemba. Kisha akavua miwani, akasema kwa sauti ya kawaida, "Basi kama mabaki ndiyo siri, tuyatengeneze. Mizani, vibao vya seleni vya mwaka ule vimebaki vingapi?"

Vimebaki vinne.

Aprili 24

Kazi yangu sasa ni kukosea kwa amri. Nakisugua kibao cha zamani kama nilivyokisugua siku ile, yaani vibaya, kisha Mtarajiwa anakipokea na kutengeneza utando mwenyewe huku mimi nikikaa nje ya mlango.

Tatizo, siku ile sikuwa nahesabu. Nilisugua muda gani? Kwa nguvu gani? Mkono wangu haujui kujieleza. Leo alisimama juu yangu na saa ya kusimamisha. Nikasugua dakika mbili. Wa 28: kumi na tatu nukta tisa. Eksirei inasema chini hamna mabaki hata chembe. Nimekisafisha kuliko kiwandani.

Aprili 30

Kibao cha pili. Dakika moja. Nilijilazimisha kulegeza mkono, nikalegeza mno. Wa 29 umetoka na vipele, haukupimika. Vimebaki viwili.

Hasemi nami zaidi ya lazima. "Anza." "Acha." "Lete."

Mei 2

Mama ananiita kaka kila siku sasa. Mke wangu, akikata kitambaa, akaniambia bila kuinua macho, "Anamhitaji kaka. Mwana anaye tayari. Nafasi iliyo wazi ni hiyo, ungekaa basi." Nikamwambia si kweli. Habari ya kisanduku anaijua, akasema, "Na wewe ukweli wako una siku maalumu."

Mei 6

Mama kaniuliza, "Kaka, umekula?" Nikajibu, "Nimekula, dada." Akatabasamu, akanisogezea sahani yake. Hakutoka nje leo, ingawa mvua ilinyesha mpaka jioni.

Mei 9

Kibao cha tatu. Dakika moja na nusu. Wa 30: kumi na nne nukta tatu. Kisafi tena. Jicho likiwa juu yangu mkono unafanya adabu, hata nikiukataza. Profesa alicheka kwa mara ya kwanza wiki nzima, akasema mkono huu haujui kukosea kwa kutumwa. Mtarajiwa hakucheka. Kimebaki kimoja, na siku ishirini.

Mei 12

Hajanipa kibao cha nne. Anasema anafikiri.

Mei 15

Bado anafikiri. Mvua imepungua. Plastiki za madirisha zinapigapiga.

Mei 17

Leo asubuhi amekuja karakana yangu, chumba cha nyuma ya maabara, na kibao cha nne, akakiweka kwenye kitambaa. Hakuwa na saa mkononi. Hakusimama juu yangu. Alivuta stuli akaketi kando, anatazama dirishani.

"Sugua tu, mzee. Hiki tunapasha mkono moto."

Nikadhani ni kibovu cha mazoezi, nikaanza. Akakaa kidogo, akauliza, "Mama yako anaendeleaje?"

Kwa miaka minne hajawahi kuuliza habari ya mtu wa nyumbani kwangu. Nikashtuka, lakini swali lilinikuta nimejaa. Nikamwambia ananiita kaka. Nikamweleza huyo kaka alikuwa mtu wa namna gani, mkubwa, mbavu nene, mcheshi, na jinsi mimi nisivyofanana naye hata kwa ukucha. Nikamwambia nilivyokuwa nabishana na mgonjwa mezani, na nilivyoacha. Kwamba siku hizi nakaa mahali pa mtu yule na nyumba nzima imebadilika, mama anakula, mke wangu anaimba. Mkono ulikuwa unaendelea, siutazami. Nikafika kwenye habari ya mama kutoka nje kwenye mvua, simu ilivyolia, sauti ya mke wangu, kituo cha basi, mama anavyoshika mkono wa kila mwanamume na kumtazama usoni.

"Nilipomfikia," nikasema, "alinitazama, halafu akanipita."

Nikatazama chini na kuona mkono umesimama juu ya kitambaa.

Mtarajiwa akanyoosha vidole, akakichukua kibao taratibu. Kwa mkono wa pili akatoa saa mfukoni mwa koti.

"Sekunde mia moja arobaini na mbili," akasema.

Akaandika, akaenda chemba.

Alikuwa amesoma daftari hili. Alijua simu ilinikuta nikisugua, na alijua pa kuniongoza mpaka mkono uachie pale ulipoachia. Kazi safi, na mimi ningeifanya vilevile kama ningekuwa na akili hiyo. Lakini niliumia. Nilidhani nimeulizwa.

Mei 19

Utando wa 31. Nilikuwa nje ya mlango. Nikasikia kompresa saa nne mfululizo, kisha kimya, kisha kompresa tena, maana yake anarudia. Akarudia mara tatu. Profesa akatoka, akanipiga bega, akapita, miwani kichwani.

Yeye alipokwenda kunawa nikaingia, nikasoma daftari la maabara. Ishirini na moja nukta tisa. Kwenye safu ya kibao ameandika: "kimetumika, kimesuguliwa sekunde 142, mabaki ya seleni yapo." Kwenye safu ya mhusika kuna majina mawili, na la kwanza ni langu.

Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Mei 22

Eksirei imekubali. Chini ya utando kuna tabaka chache za ule wa zamani, na hizo ndizo zinazobana upande na kusukuma juu. Tasnifu haisemi tena kwamba teluri peke yake inafanya kazi yote. Inasema kinachokuja kinategemea pia kilichobaki. Profesa anasema hivyo ni bora kuliko alivyotaka kusema mwanzo. Amenirudishia ufunguo. Barua ya onyo imebaki kwenye faili, na ndivyo inavyostahili.

Mei 24

Anaandika. Mimi nasafisha pampu.

Mei 27

Ameikabidhi tasnifu, siku mbili kabla. Mtahini kajibu kwa neno moja: inapokelewa. Sherehe haikuwapo. Alilala mchana wote kwenye kiti changu na sikumwamsha.

Mei 29

Jua la kwanza la kweli. Nimeng'oa plastiki madirishani.

Kama saa nne hivi mlango wa karakana ukafunguliwa. Alikuwa yeye, amevaa nguo za nyumbani, amekuja kuchukua vitabu vyake.

"Habari za asubuhi, mzee," akasema. "Mama ameamkaje?"

Nikatazama mikono yake. Ilikuwa mitupu. Koti hakuvaa, hana mfuko. Kwenye kitambaa changu hapakuwa na kibao chochote, na humu ndani havijabaki vibao vya zamani.

"Ameamka salama," nikasema.

Akavuta ile stuli, akaketi, akasubiri nimweleze.